Nilikuja na Bega

Mlemavu naye huugua. Naanza na hilo kwa sababu ilinichukua karibu miaka miwili kuwafanya watu walielewe, na wengi wao walikuwa wamevaa makoti meupe.

Naitwa Nabwire. Miguu yangu ilipooza kule Lumino kabla sijajua kusema vizuri. Ilikuwa polio. Sikumbuki kutembea, kwa hiyo siwezi kulilia nisichokijua. Nilijifunza kutambaa kwa mikono, nimevaa ndara viganjani kama wengine wanavyozivaa miguuni, na nilipokua nikapata baiskeli ya matairi matatu, ile ambayo pedali zake huzungushwa kwa mikono. Kwa baiskeli hiyo nimefanya biashara mpakani Busia tangu nikiwa msichana. Kwa baiskeli hiyo nimejenga, nimesomesha, na nimemchagua mume mwenyewe. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu mwenye ulemavu wowote ambaye anaumwa na kitu kingine, na kila anakokwenda anaambiwa habari za ulemavu wake.

Kazi yetu ni hii. Napakia mafuta ya kula na sabuni upande wa Kenya, navuka navyo upande wa Uganda. Nikirudi nina maharage au simsim. Watu wa baiskeli kama yangu tuko wengi pale mpakani. Maofisa wametuzoea, na wafanyabiashara wakubwa wanatupenda kwa sababu foleni haitushiki sana. Watatuangalia kwa huruma, waseme pole, kisha watupakie mzigo ambao wasingempakia punda.

Bega la kulia lilianza kusema mvua za kwanza zilipoanza. Nasema "kusema" kwa sababu kwanza ilikuwa sauti: mkwaruzo ndani, kama mchanga ulioingia kwenye bawaba ya mlango. Halikuuma. Kisha likaanza kuuma nikivaa blauzi. Kisha nikashindwa kulilalia. Kisha nikashindwa kuchana nywele, nikawa nainamisha kichwa kukifuata kitana badala ya kupeleka kitana kichwani. Nikajiambia ni uchovu, mvua zikiisha litatulia.

Mvua ziliisha. Siku moja nilikuwa napanda ule mwinuko wa kuelekea geti la mpaka, nyuma yangu lori, na mkono ukakataa. Sikuamua kusimama. Mkono uliachia pedali wenyewe ukaanguka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma na dereva wa lori akapiga honi kana kwamba honi ingenipandisha. Aliyeniokoa ni Hajati Zaituni, mwenye duka la vitenge kando ya barabara, ambaye mara nyingi namletea mizigo yake. Alitoka dukani mbio, mtandio umemwanguka shingoni, akaliegemeza bega lake kwenye kiti changu akasukuma.

"Breki, Nabwire! Vuta breki!"

"Mkono hautaki, Hajati."

"Basi vuta na huo mwingine!"

Alinifikisha pembeni, akamgeukia yule dereva akamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Namshukuru mpaka leo kwa yale maneno.

Zahanati ya kwanza ilikuwa hapo hapo mjini. Kama hujawahi kungoja daktari huku huwezi kukaa kwenye benchi, nikueleze. Foleni ni benchi. Mtu wa mwanzo akiingia, wote wanasogea makalio hatua moja. Ambaye hayuko kwenye benchi hayuko kwenye foleni. Mimi nilikuwa sakafuni karibu na mlango, na kila aliyekuja baada yangu aliketi, akasogea, akaingia. Nilipolalamika, nesi aliniambia kwa upole, "Wewe subiri hapo, mama, tutakuona." Walikuwa wananiona, ndiyo. Wote walikuwa wananiona.

Nilipoingia, kijana wa zamu alifunua leso yangu miguuni bila kuniuliza, akashika goti.

"Ilianza lini?"

"Tangu mvua."

"Mvua gani?" Akacheka kidogo. "Mama, hii ni polio. Hii ni ya utotoni."

"Musawo, daktari, nimekuja na bega."

"Polio inadhoofisha mwili. Haina dawa."

"Sijaomba dawa ya polio. Naomba utazame bega."

Alilitazama kutoka alipokaa. Hakunyoosha mkono. Akaniandikia vidonge vya maumivu na kuniambia nimshukuru Mungu kwa kufika umri huo.

Vidonge vilipokwisha na maumivu yakabaki, mume wangu, Wandera, akasema twende hospitali kubwa ya Tororo. Wandera hupakua malori Malaba. Ni mtu wa maneno machache na Kiswahili chake ni cha barabarani, cha madereva na mawakala. Aliniteremsha garini, akanibeba mgongoni mpaka chumba cha kungojea, akaniweka ukutani. Pale palikuwa na mama mmoja mgeni kabisa kwangu, mwenye mtoto aliyevunjika mkono. Aliona foleni inavyokwenda, akaniona mimi chini. Alivua leso yake ya kichwa akaitandika kwenye benchi kando yake. Kila benchi liliposogea, aliisogeza ile leso. Mtu alipotaka kukalia, alisema, "Hapo pana mtu." Sijui jina lake. Naandika ili ajue, popote alipo, kwamba nililia baadaye kwa sababu yake na si kwa sababu ya bega.

Daktari wa mifupa alimtazama Wandera.

"Anaumwa wapi?"

Wandera akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Muulize mwenyewe, daktari. Mimi ni bwana yake, si mdomo yake."

Daktari akaniuliza basi, na nikasema bega, nikalishika nikamwonyesha. Akaandika. Tulipofika kwenye chumba cha eksirei, fundi akaniambia nilale nivue sketi, kwa maana karatasi ilisema nyonga. Nikamwambia amekosea. Akasema yeye anafuata karatasi. Nikapigwa picha ya nyonga ambazo hazijawahi kuniuma maishani. Siku ya pili tulirudi kwa picha ya bega, baada ya Wandera kugoma kutoka mlangoni. Picha ikasema mfupa ni mzima.

"Hakuna tatizo," daktari alisema. "Apumzike tu."

"Nipumzike vipi?" nikamuuliza. "Wewe ukiumwa goti, utaambiwa usitembee, utakaa kwenye kiti. Mimi nikiliacha hili bega, natoka kitandani na nini? Nafika chooni na nini?"

Alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Hata watu wa kanisani. Akina mama walikuja nyumbani kuniombea, kwa moyo safi kabisa, nami nakubali maombi ya mtu yeyote. Lakini walipiga magoti wakaweka mikono yao kwenye miguu yangu, wakaiombea isimame. Nikiwa nimefumba macho niliwaza: hata Mungu wanamwelekeza mahali pasipo.

Kiangazi kile sikuendesha baiskeli. Mdogo wangu Taaka alikuja kutoka Lunyo kunisaidia, akaacha shamba lake wakati wa kulitayarisha. Mkono wa kulia, uliokuwa mnene kuliko wa Wandera, ukakonda mpaka bangili ikawa inapita kiwiko. Taaka alininyoa nywele zote kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kuzihangaikia. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu ambaye simjui: kichwa kidogo, bega moja juu na moja chini, kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Kubebwa kwenda chooni si jambo la kuelezea kwa kirefu. Nitasema tu kwamba tangu utotoni, hata mama yangu hakunibeba kwenda chooni. Nilikuwa na njia yangu, ndara zangu, na kamba niliyojifungia mlangoni ya kujiinulia. Sasa nilikuwa nangoja mtu. Nilikuwa nakunywa maji kidogo ili nisimsumbue mtu. Taaka alijua, akanigombeza, nami nikamjibu vibaya.

Wandera alivumilia kwa kimya, na kile kimya kilikuwa kikijaa. Jioni moja alirudi kutoka Malaba, nguo nyeupe kwa vumbi la saruji, akakuta Taaka ametoka na mimi namngoja anibebe. Alinibeba. Aliponiweka chini akasema, bila kunitazama:

"Mimi nilioa mwanamke anajibeba mwenyewe. Kule nabeba magunia, nikirudi nabeba tena."

Akatoka nje. Alijua alichosema, maana hakurudi mpaka chakula kikapoa. Nami nilijua kwamba alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Sikumkasirikia yeye peke yake. Nilimkasirikia yule kijana wa zahanati na yule daktari. Wao walikuwa wamemwekea maneno hayo mdomoni kwa uvivu wao wa kutonyoosha mkono na kugusa bega la mtu.

Mvua zilipoanza tena, Hajati Zaituni alikuja kunitazama akiwa na habari.

"Kuna watu wa chuo kikuu wamepiga hema pale mnapoegesha baiskeli. Wametoka upande wa Kenya. Wanapima nguvu za mikono ya watu wa baiskeli. Wana kompyuta, wana kamera, sijui wanatafuta nini."

"Ni madaktari?"

"Nimeuliza. Wanasema wanachunguza mwendo wa mwili. Jinsi mifupa na misuli inavyobeba, inavyovuta. Wanasema mwili una hesabu zake kama daraja au mashine."

Nilimwambia Taaka anisukume mpaka pale siku hiyo hiyo.

Chini ya hema palikuwa na binti mmoja Mkenya, Mercy, mwanafunzi wa uzamili, mpole, na simu kubwa mkononi ya kujazia majibu. Mbele yangu alikuwa Barasa, mkubwa wetu wote pale mpakani, mtu aliyeanza kazi hii wakati baadhi yetu hatujazaliwa. Mercy alimuuliza kama ana maumivu yoyote. Barasa akasema hana, yuko fiti. Mimi najua Barasa huvua shati kwa kulivuta kwa meno kwa sababu mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Lakini walikuwa wanatoa soda na mkate kwa waliokubaliwa, na isitoshe, mwanamume wa baiskeli hakiri.

Zamu yangu ikafika.

"Umekuwa na maumivu ya bega, kiwiko au kifundo cha mkono hivi karibuni?"

"Ndiyo. Bega. Halinyanyuki."

Uso wake ukanywea. "Pole sana, mama. Basi hutaweza kushiriki. Tunahitaji watu wasio na maumivu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mnapima mabega, na hamtaki bega bovu?"

"Ndivyo utafiti ulivyopangwa. Kwanza tunapima mwendo wa kawaida."

"Binti yangu," nikamwambia, "kawaida yetu ni kuumwa. Hao uliowaandika wote wamekudanganya. Mwambie yeyote kati yao anyooshe mkono juu ya kichwa."

Aligeuka akawatazama. Walikuwa wameketi kwenye baiskeli zao wakinywa soda, na ghafla kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini. Profesa wao, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuja kuuliza kuna nini. Walizungumza kando kwa Kiingereza. Mwishowe akasema vipimo vyangu vitachukuliwa, ila vitawekwa peke yake.

Mercy alisema, "Naweza kukugusa hapa?" kabla hajanigusa. Naliandika hili kwa sababu alikuwa wa kwanza tangu kuanza kwa safari yangu yote. Alibandika vidoa vinavyong'aa begani, kwenye mfupa wa shingo, kiwikoni, kiganjani, hata mgongoni. Baiskeli yangu ikainuliwa juu ya vyuma ili gurudumu lizunguke bila kwenda popote. Wakabadilisha pedali wakaweka nyingine yenye kifaa ndani cha kupima msukumo. Nikaambiwa nizungushe polepole, na nikihisi maumivu niache. Nilizungusha huku nimeuma meno.

Kisha akanigeuzia kompyuta. Nilijiona. Sikuwa na sura, sikuwa na nguo. Nilikuwa nukta zilizounganishwa kwa mistari, mgongo na mabega na mikono, nikizunguka, nikizunguka. Hapakuwa na miguu kwenye ile picha. Hawakuihitaji. Mercy aliisimamisha picha pale mkono wangu ulipokuwa juu kabisa.

"Hapa, mama. Tazama. Pedali yako iko juu sana na mbali sana. Ili uifikie, bega linapanda na kwenda mbele, na papo hapo ndipo unapotia nguvu kubwa. Ndani ya bega kuna kano inayopita sehemu finyu. Kila mzunguko inabanwa na mfupa."

"Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko."

Nikafikiria mizunguko ya kutoka getini mpaka sokoni. Nikafikiria miaka. "Kwa hiyo si polio."

"Hii? Hapana. Hii baiskeli ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yako."

Ilikuwa kama mtu amekuambia jina la mwizi aliyekuwa akikuibia kila siku. Kisha nikauliza, "Sasa tunafanya nini?"

Mercy akamtazama profesa. Profesa akasema wanakusanya takwimu kwanza, watazichambua, watachapisha, na siku za usoni matokeo yatasaidia wengi.

"Na mimi?"

"Tunakushukuru sana kwa mchango wako, mama."

Nikapewa soda.

Walianza kufunga hema. Niliwatazama wakikunja nyaya, wakiweka kamera kwenye masanduku yenye sponji ndani, kila kitu kwenye nafasi yake, kwa uangalifu ambao hakuna aliyewahi kuuonyesha kwa bega langu. Nikamwambia Taaka, "Nisukume mbele ya gari lao."

"Dada, utatuletea askari."

"Nisukume."

Akanisukuma. Nikavuta breki kwa mkono wa kushoto. Dereva akapiga honi. Hajati Zaituni akatoka dukani, akaona, akaja akasimama kando yangu na mikono kiunoni. Kisha nikasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu, na mwingine, na mwingine. Watu wa baiskeli walikuwa wanakuja, soda zao mikononi, wakalizingira lile gari pande zote. Hakuna aliyewaita.

Profesa akashuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi.

"Mama, tafadhali tuelewane. Sisi si hospitali. Nikianza kutoa ushauri wa matibabu nitakuwa nimevunja kanuni za utafiti."

"Kanuni za nani? Mmenifungua blauzi, mmenibandika, mmeona kinachoniua. Sasa mnafunga mlango wa gari?"

"Hakuna aliyekudanganya."

"Sikusema mmenidanganya. Nasema mmeona. Ukiona nyumba ya mtu inaungua, unamwambia subiri nichapishe?"

Watu wakapiga kelele. Barasa akagonga ubavu wa gari kwa chupa. Mercy akateremka upande wa pili, machozi yamemlenga, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Profesa, kuna mtaalamu wa viungo pale Tororo, nilisoma naye. Kumpigia simu si kuvunja kanuni. Na kumwambia mtu ashushe pedali kiganja kimoja, ailete karibu na kifua, hiyo si dawa."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Piga," akasema.

Nilingoja mpaka nikasikia sauti ndani ya simu ikisema njooni. Ndipo nikaachia breki.

Mtaalamu huyo aliitwa Athieno, na chumba chake kilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, katika hospitali ile ile niliyopigwa picha za nyonga. Muda wote ule alikuwa humo ndani, kuta chache tu kutoka kwa daktari yule, na hakuna aliyenituma kwake! Nikikumbuka hilo, damu yangu hupanda mpaka leo.

Athieno aliketi chini kwenye mkeka ili tutazamane. Akashika bega. Akalizungusha taratibu akiuliza hapa, na hapa, na hapa, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Akasema kano imechanika kidogo, haijakatika, na ikiachwa hivi itakatika. Akanipa mazoezi. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi vikafungwa kwenye nondo za dirisha nyumbani, nami nikavivuta asubuhi na jioni, kwanza kidogo kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Akanifundisha kuhama kutoka kitandani kwa ubao laini, nikiteleza badala ya kujinyanyua. Akanikataza kutambaa kwa mkono ule mpaka mahindi yakomae.

Niseme ukweli kwa anayeanza safari hii: mazoezi yanauma, na wiki za kwanza utadhani umedanganywa tena. Kuna siku nilivikata vile vipande vya mpira nikavitupa. Taaka aliviokota akavifunga upya bila kunisemesha. Ngoja. Bega linarudi kama mgeni asiye na haraka.

Wandera alinipeleka Tororo mara moja akiwa hana kazi. Athieno alimtazama akininyanyua akapiga kelele. "Baba, wewe unaua mgongo wako! Piga magoti kwanza. Mlete karibu na mwili wako. Sasa nyanyuka na miguu." Wandera alifanya hivyo, akasimama akiwa amenishika, akashangaa.

"Kumbe na mimi nabeba vibaya," akasema. "Kule Malaba sisi wote nabeba vibaya."

Tulirudi naye mpaka tukakaribia mjini. Kisha akasema, "Ile neno nilisema ile siku. Haikuwa ya kusema."

Nilimsikia. Sikumjibu siku hiyo. Nilimjibu baada ya mavuno, na tulichoongea ni chetu.

Fundi wa kuchomelea alishusha pedali zangu na kuzileta karibu, kama Mercy alivyosema. Nilirudi barabarani na mzigo mdogo, sabuni tu. Mkono wa kulia haujawa kama zamani na Athieno hakuniahidi hivyo. Siufikishi kwenye rafu ya juu. Siku za baridi unanikumbusha. Lakini najibeba.

Mwaka uliofuata, watu wa chuo wakatuita tuje kusikia matokeo. Walikuwa wamekodi ukumbi mzuri mjini, wenye viti vyenye vitambaa. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Tulifika tukakuta ngazi. Vijana wawili wa hoteli wakateremka, wakasema wametumwa kutubeba.

"Hatubebwi," nikasema. "Mwambieni profesa ashuke."

Alishuka. Alizitazama ngazi kana kwamba hajazipanda dakika chache zilizopita, akawatazama watu wote wale kwenye baiskeli zao juani, na uso wake ukabadilika rangi. Hakujitetea. Mwenyewe alipanda akashuka na viti, na Mercy akashuka na kompyuta.

Juani picha hazikuonekana. Ikabidi Mercy asimame mbele yetu na kueleza kwa mwili wake mwenyewe, akinyanyua mkono, akionyesha bega linapobanwa, akizungusha pedali ya hewani. Akasema walirudi kuwapima upya watu wetu, safari hii pamoja na wenye maumivu, na karibu wote tulikuwa nayo. Akasema pedali ziko juu mno na mbali mno kwa wengi wetu. Zinarekebishika.

Barasa alikuwa mbele. Alinyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haunyanyuki.

"Binti, mimi niliambiwa ni uzee. Kabla ya uzee niliambiwa ni polio. Mke wangu aliambiwa nimerogwa. Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mzee. Ni baiskeli."

Alikaa akiitazama baiskeli yake, zile pedali zilizopaushwa na viganja vyake kwa miaka yote ile. Tulidhani analia. Hakuwa analia. Aliponyanyua uso, alimtazama profesa.

"Aliyeitengeneza anaitwa nani?"

Profesa alisema hajui. Akasema baiskeli kama hizi zimekuja kwa njia nyingi, kutoka kwa wafadhili wengi, tangu zamani.

"Basi katafute," Barasa akasema. "Wewe ni mtu wa utafiti. Sisi tutakungoja hapa hapa."